Tisa Nukta Nne: Tunamuaga Mkuu Wetu wa Ubora

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wetu wa ubora anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kamati imenipa mimi, Anko wa maabara nzima, niandike wasifu wake, kwa kuwa nasifika kwa maneno. Shule niliishia darasa la saba, lakini darubini nimeichungulia mpaka vijidudu vinanijua kwa sura.

Dada huyu alipoingia hapa, chupa za damu zilikuwa zinaandikwa "yule mama wa kitanda cha dirishani". Majibu yalikuwa yanapishana njiani. Mzee mmoja aliambiwa ana mimba naye, haki ya Mungu, akaenda kazini kwake kudai likizo ya uzazi. Dada akasema basi, akaleta viwango vya ithibati, ile hati ya kuthibitisha kwamba maabara inaaminika. Tukamcheka: tangu lini makaratasi yakapima damu? Lakini kila chupa ikapata jina, namba na saa. Joto la friji likasomwa asubuhi na jioni. Mashine ikahakikiwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Haukupita mwaka, madaktari waliokuwa wakirudia vipimo vyetu kwingine wakaacha.

Sasa nifike pale kalamu inapokuwa nzito.

Miaka tisa iliyopita, tukiwa tunaiwania ithibati yenyewe, wakaguzi walituletea damu ya mtihani: kila maabara ipime sukari ya damu ileile bila kuulizana na nyingine, itume jibu. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe, nikajigamba kwamba nikikosea ninyolewe nusu kichwa. Mashine ikasoma 9.4. Woga ukanishika. Nikampigia simu shemeji yangu wa maabara ya jirani, akaniambia yeye kapata 6.1. Nikaandika 6.1.

Jibu sahihi lilikuwa 9.4. Mashine aliyoihakiki dada ilisema kweli, mwongo nilikuwa mimi. Wakaguzi waliona maabara mbili zimekosea sawasawa hadi nukta, wakataka maelezo. Dada akatukusanya, akauliza nani kabadilisha jibu. Mimi, bingwa wa maneno, nikahesabu taa za dari. Basi akaandika barua kwamba jibu limebadilishwa ndani ya idara yake na mwenye dhamana ni yeye. Ithibati ikasogezwa mwaka mzima. Tukambandika jina la Bibi Barua, eti katuchongea. Kicheko changu ndicho kilichosikika mpaka wodini.

Hakutetereka. Akaagiza jibu lichapwe na mashine yenyewe, lisainiwe na watu wawili. Mwaka uliofuata ithibati tukaipata, na hatujaipoteza hadi leo.

Wiki iliyopita, katika kukabidhiana majalada, nimeikuta fomu ya kasoro ile. Mstari wa aliyehusika ameuacha mtupu. Nyuma yake kabana karatasi ya kumbukumbu za mashine ya siku ile: 9.4, na namba yangu ya kuingilia kwenye mashine. Kumbe alijua tangu siku ileile! Miaka tisa ananisalimia kila asubuhi, Anko umeamkaje, na hajanirushia hata kijembe.

Dada, nisamehe. Nayaandika haya wayasome wote waliokuita Bibi Barua, maana jina hilo nililianzisha mimi. Maabara nzima inakushukuru, na inakuombea afya na asubuhi nyingi za kuamka bila haraka. Ile fomu nimeijaza jina langu kamili. Tarehe nimeweka ya jana, si ya miaka tisa iliyopita, kwa sababu ulitukataza kurudisha tarehe nyuma.