Nicasio Barreto na Damu ya Nguruwe Mwitu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dalmiro, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ingawa leo ulimi ni mzito.

Marehemu Nicasio Barreto Olivera alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa mjini kwetu Vergara, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1983, na mwaka 1989 akaajiriwa kwenye kinu cha mpunga, alikofanya kazi miaka thelathini na nne bila kupewa barua ya onyo. Tarehe 9 Novemba 1996 alifunga ndoa na Zulma, wakajaliwa Lourdes na Washington.

Kila Jumapili alitoka na mbwa wake kuwinda nguruwe mwitu wanaovuruga mpunga wetu, akawamaliza kwa kisu na kuwapasua kwa mikono mitupu, na soseji zake nani hapa hakuzila. Siku niliyoleta glavu alinicheka mbele ya wawindaji wenzetu, "Dogo, umekuja kupasua nguruwe au kuosha vyombo?" Nikazitupa.

Juni mwaka jana alianza kupata homa, inapanda jioni, asubuhi imeshuka, na jasho, na kiuno kuuma, tukasema ni uchovu wa kinu. Tarehe 3 Agosti daktari alimuuliza, nami nimekaa pembeni yake, kama anashika wanyama, akajibu, "Hapana, daktari, mimi ni mtu wa mpunga." Aliogopa, kwa sababu tulikuwa tunawinda kwenye shamba la watu bila ruhusa. Nilijua, nikanyamaza. Wakatibu mapafu, wakatibu figo, hadi Februari Zulma alipofichua habari za nguruwe, damu ikapimwa, ikaonekana brusela, bakteria wa nguruwe walioingia kwa mikwaruzo ya mikono yake, nao walikuwa wameshaharibu moyo. Alifariki hospitalini tarehe 19 Machi 2024, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wenzake wa kinuni.

Ninyi wawindaji mliosimama kule nyuma, nawasihi, nawapigia magoti, kapimeni damu. Mimi nina wiki mbili homa inanipanda kila jioni, kesho nakwenda kwa daktari, na nitataja shamba, tarehe, na kila jina. Mtanichukia, lakini mtanichukia mkiwa hai.

Kaka Nicasio, pumzika kwa amani, nami unisamehe, maana neno la kukuponya nilikuwa nalo mdomoni siku ile mbele ya daktari, nikalimeza.