Jina la Bama na Jezi za Ndugu Octavian

Mgeni rasmi, Ndugu Octavian Simoni, mtoto wa Kidete na mnunuzi mkubwa wa mpunga wilayani kwetu. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee wetu, shikamooni. Wachezaji wa Magole mnaosubiri kufungwa jioni hii. Mabibi na mabwana.

KARIBU NYUMBANI

Sisi wachezaji, viongozi na wapenzi wa timu ya Bama tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, maana barabara ya kutoka Kilosa tunaijua. Kina mama wamekesha na pilau, na hata wasiojua ofsaidi ni nini wamekuja kukuona. Jezi ulizotuletea tumeziona. Ni nzuri, hatuna haja ya kuficha. Msaidizi wako, Cosmas, alitufungulia moja tukaigusa. Kifuani imeandikwa OCTAVIAN STARS, naye akatueleza kuwa kuanzia leo hilo ndilo jina la timu. Tulipouliza kwa nini, akasema Burma, nchi tuliyochukua jina lake, haipo tena kwenye ramani, na timu yake ya taifa ni ya kufungwafungwa tu. Kwa heshima zote, tunaomba tuanzie hapo.

HISTORIA

Mzee Lupakisyo, mfanyakazi wa reli, alipigana vita vya Burma akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Yeye na wenzake nchi hiyo waliiita Bama. Aliporudi hakupenda kusimulia vita. Alisimulia watoto wa kule waliocheza mpira na askari kwenye matope wakawafunga. Mwaka 1966 redio ya stesheni masta ikatangaza kwamba Burma wamechukua dhahabu ya mpira katika Michezo ya Asia, wamewafunga Iran bao moja. Mzee akazunguka kijiji kizima akitangaza kana kwamba amefunga yeye. Mwaka uliofuata timu yetu ikaanzishwa, na jina halikujadiliwa.

Mgeni rasmi, hao ndio wanaoitwa wa kufungwafungwa. Mwaka 1968 walishika nafasi ya pili Kombe la Asia. Mwaka 1970 wakapata dhahabu tena, safari hii wakigawana na Korea Kusini. Michezo ya kusini-mashariki mwa Asia waliichukua mfululizo, tunadhani majirani walishachoka kuwapigia makofi. Mwaka 1972 wakaenda Olimpiki, wakawafunga Sudan mawili bila, na Wasovieti na ukubwa wao wote wakaambulia bao moja tu dhidi yao.

Baada ya hapo wakashuka, hatukatai. Mwaka 1989 serikali ya huko ikabadilisha jina la nchi, ikawa Myanmar. Fainali za Kombe la Asia hawajazikanyaga tena tangu zile za 1968. Sisi si wataalamu, ila tunachokiona ni kwamba jina jipya halijawaongezea bao.

MAFANIKIO

Nasi tumepanda na kushuka. Tuliwahi kumchukua mbuzi wa bonanza la Mikumi, akaliwa kabla hatujapanda gari la kurudi, na mwamuzi alikuwa wa kwanza kunawa. Mamboya hawajatufunga hapa nyumbani siku nyingi sasa. Wao husingizia joto.

CHANGAMOTO

Masika haya, Mama Hildegarda anayetufulia alizianika jezi zetu kwenye vichaka kando ya Mkondoa. Mvua ikanyesha huko juu, mto ukaja bila hodi ukazizoa. Imebaki ya golikipa tu, kwa sababu yeye huwa hapeleki kufuliwa. Moja tumesikia imeonekana Kilosa kwa mkulima wa vitunguu, na amekataa kuivua. Ligi ya wilaya inaanza wiki ijayo, na timu isiyo na jezi zenye namba haiingii uwanjani. Kwa hiyo shida yetu ni ya kweli, na tunaogopa sana kukuudhi.

Lakini yupo pia Mzee Bonifas, mtoto wa Mzee Lupakisyo, aliyekaa pale mbele na kofia ya kijani. Katika kikosi cha kwanza amebaki yeye peke yake. Jana alituuliza mgeni analeta nini, tukasema jezi. Akauliza zimeandikwaje. Tukaangaliana, katibu akajibu kuwa zimeandikwa vizuri. Mzee hakudanganyika. Akasema:

"Baba alirudi kutoka vitani na jina hilo tu. Kama mnalitoa, ningojeeni nife kwanza."

Tuliumia, mgeni rasmi, na tuliona aibu.

MAOMBI

Tunaomba jina lako likae mgongoni, juu ya namba. Tutalibeba kila uwanja, na kila tukishangilia bao tutawageuzia watu migongo walisome. Kifuani utuachie Bama. Ditram, fundi cherehani wetu, anasema kubadilisha herufi ni kazi ndogo. Kama haiwezekani, tunakuomba uzichukue jezi zako bila kinyongo. Pilau ipo palepale, nasi tutakaa nje ya ligi mwaka huu.

Jambo la mwisho. Juzi tulikwenda kufyeka makaburini, tukaliona kaburi la marehemu baba yako ulilolijengea marumaru. Vijana wengi hapa hawakujua kuwa aliichezea timu hii ujana wake wote. Aliyechonga maandishi anasema alikuuliza mara mbili aandike jina gani, nawe ukamwambia aandike lile ambalo watu walimwita. Limeandikwa SIMONI BAMA.

Mgeni rasmi, nasi tunaomba tuitwe hivyo hivyo.

Mungu akujalie afya, aibariki nyumba yako, na Mkondoa uyaonee huruma mashamba ya watu wote waliopo hapa. Asante kwa kutusikiliza. Ni sisi ndugu zako,

BAMA FC, KIDETE