Mashine ya Kitanda cha Pili

Mgeni rasmi, mheshimiwa, Mganga Mkuu, wenzetu na jamaa za wagonjwa:

MAKARIBISHO
Sisi wahudumu wa wodi ya waliopasuliwa moyo tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Ulitarajiwa saa tatu. Sasa ni saa tano, nasi tungali wakunjufu.

HISTORIA
Wodi ilianza na vitanda viwili na mashine moja ya kupumulia. Ndivyo ilivyo hadi leo. Zamani tuliamini kwamba mgonjwa akijazwa hewa nyingi hupona upesi. Tulikosea, na waliolipia kosa hilo hawamo ukumbini. Hewa nyingi huchana mapafu yaliyokwisha kuumia. Siku hizi Sista Mkuu humpima kila mgonjwa urefu kwa futi ya fundi cherehani, maana ukubwa wa mapafu hufuata kimo, kisha humpa pumzi ndogo ndogo. Mfanyabiashara mmoja alipozinduka na kuelezwa, alihamaki: "Sista, mwili wote huu mlinipa hewa ya mtoto?"
"Baba, kitambi hakipumui."

MAFANIKIO
Alitoka kwa miguu yake. Yeye na wengine kumi na wanane.

CHANGAMOTO
Mashine iliyo mbele yako, yenye utepe mwekundu, si mpya. Ni ya kitanda cha pili, alipolala fundi saa ambaye mapafu yake yamejaa maji tangu apasuliwe juzi. Ofisi iliagiza iletwe hapa upate cha kuzindua. Tulipinga kwa barua; tukajibiwa kwamba ni dakika tano tu. Kisha ukumbi ukafungwa kwa usalama wako, na msafara ukatangazwa kuwa umekaribia. Umekaribia tangu saa tatu na robo.

Sista Mkuu hayupo nasi. Yuko nyuma ya ukuta huu, anampumulisha fundi saa kwa mfuko wa mkono. Mkono uliochoka hukamua kwa nguvu kupita kiasi; analijua hilo kuliko sisi. Mke wa mgonjwa alimwuliza, "Mwanangu, mkono utahimili?"
"Hesabu pumzi nami, mama."
Ukinyamaza utawasikia.

MAOMBI
Tuliandika maombi manane. Saba tumeyafuta. Tunaomba ukate utepe sasa, kabla ya hotuba. Mkasi uko kwenye sinia. Wasukuma machela wawili wamesimama kushoto kwako, na mlango unafunguliwa kwa amri yako tu. Hotuba tutaisikiliza yote, tukiwa tumesimama.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na mkono wako auwahishe.

Ni sisi, wahudumu wa Wodi ya Moyo, wote isipokuwa mmoja.