Waliniita Ukoko

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Mama Nekesa wa hapa Mbotela, ninayeuza mboga karibu na lango la shule. Wengi mnanijua kwa uso. Stovu ya mafuta taa ilinilipukia nikipika chai, ikaniunguza shavu la kushoto hadi shingoni. Kwamba nilitoka hospitalini hai, nilishashukuru mbele yenu. Leo nashuhudia yaliyofuata.

Mtaa wetu una kundi kwenye simu. Humo tunaulizana kama maji yamerudi, tunatangaziana misiba. Siku moja mtu alinipiga picha nikikata sukuma wiki, akaigeuza stika, kile kipicha cha kutumiana kwenye simu, akaandika chini yake: Ukoko. Ule ugali unaoungua ukashika sufuria. Watu wakacheka. Ikawa kila anayetaka kuchekesha anaituma, na wengine wakiongeza maneno yao. Iliwahi kutumwa hata chini ya tangazo la mazishi.

Nilimwandikia msimamizi wa kundi, Baba Wanjiru, mzee aliyestaafu kazi ya baraza la jiji. Sheria za kundi zilikataza matusi na picha chafu. Alinijibu kwa heshima: "Mama, nimetazama. Ukoko ni chakula, si tusi. Hakuna sheria iliyovunjwa."

Nikaiweka simu chini, maana kweli ukoko ni chakula.

Ndugu zangu, nilijitoa kwenye kundi. Nikaanza kujifunika uso kwa leso hata jua likiwaka. Kisha nikaacha kuuza, nikaacha na kuja kanisani. Mume wangu akaona afadhali tuhamie mtaa wa Lucky Summer, karibu na dada yake. Nikaanza kufunga vyombo.

Dada Rispa wa kwaya alinikuta nikifunga sufuria kwa magazeti. Aliketi juu ya gunia la nguo akaniuliza, "Mama Nekesa, unamkimbia nani?"

Nilitafuta jina la kumtajia, sikulipata. Wote walikuwa majirani zangu. Tukaomba hapo hapo sakafuni, na nilipoinuka nilijua nitakwenda kwenye mkutano wa mtaa Jumamosi.

Nilikwenda bila leso. Nilipopewa nafasi nilisema, "Baba Wanjiru, naomba unisomee zile jumbe zilizoandikwa juu yangu kundini. Hapa, watu wakisikia."

Alivaa miwani, akafungua simu. Akasoma wa kwanza. Wa pili aliuanza, akaishia katikati. Akanitazama, akarudi kwenye simu, kisha akavua miwani.

"Siwezi, mama," alisema. "Siwezi kumsomea mtu maneno haya amesimama mbele yangu."

"Na mimi nimeyasoma peke yangu nyumbani," nikamwambia.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Tulikuwa tunacheza tu, mathe." Hakuna aliyecheka. Naye akainamisha kichwa.

Siku hiyo mtaa uliongeza sheria mbili za kundi: usiandike juu ya jirani jambo usiloweza kumsomea uso kwa uso, na usitume picha ya mtu bila ruhusa yake. Baba Wanjiru aliziandika mwenyewe, akaniomba nirudi kundini. Wachache hawakupenda, wakajitoa na kufungua kundi lao. Naambiwa stika yangu ingali huko. Sijaiulizia. Vyombo nilivifungua jioni ile, na Jumatatu nilikuwa langoni na mboga zangu.

Ndugu zangu, kovu mnaliona, lipo. Hofu ndiyo aliyoniondolea Mungu, na kwa hiyo namrudishia shukrani. Kama uko hapa na unajificha kwa sababu ya yanayosemwa juu yako kwenye simu, mtegemee yeye. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Njoo tuombe. Na kama kuna mkutano unaogopa kuuingia, niambie ni lini, nitakusindikiza.