Jina Jekundu la Bi Itsuko Nishikori (1941–2024)

Marehemu Bi Itsuko Nishikori alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha milimani mkoani Shimane, binti wa mchoma makaa. Mdogo wake wa pekee ni Bi Tamiyo, anayewasomea maneno haya.

Alimaliza shule ya kati mwaka 1956. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa ulimi. Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye karakana ya vibao vya shanga vya kuhesabia, akawa anang'arisha shanga hizo mpaka alipoolewa.

Tarehe 3 Novemba 1963 alifunga ndoa na Shigeo Nishikori, mkulima wa mpunga. Siku walipokutanishwa na mshenga, Shigeo aliingiwa na woga akala keki zote za maharage, hata ya mshenga. Itsuko akamnong'oneza mama yake, "Huyu hana hila. Nipeni huyuhuyu." Walijaliwa watoto wawili, Kiyotaka na Mihoko, na wakaishi kwa masikilizano.

Shigeo alifariki mwaka 2004. Kama ilivyo desturi, jina la mjane lilichongwa kwenye jiwe la kaburi, kilimani penye hekalu hili, kando ya la mumewe, likatiwa rangi nyekundu kwa kuwa mwenyewe yu hai. Alipopanda kuliosha jiwe aliwaambia majirani, "Kitanda changu kimeshatandikwa. Bado usingizi tu."

Machi 2019, katika siku za kuzuru makaburi, alipanda na ndoo yake na maua, akakuta uwanja mtupu wenye kokoto pale palipokuwa na kaburi. Mkuu wa hekalu alishangaa kumwona analia.

"Mama, kijana wako aliniambia mmekubaliana."

Kiyotaka, mkazi wa Osaka, alikuwa ameihamisha mifupa ya baba yake kwenye jengo la mjini, ambako mzuru hugusisha kadi na mashine ikamletea mkebe wa mifupa. Jiwe lilikuwa limeshapondwa, na jina jekundu pamoja nalo. Itsuko alimpigia simu.

"Mama, kile kilima ni kirefu, na umri umekwenda. Nilitaka kukupunguzia mzigo."

"Nani alikwambia nimechoka?"

"Ningekwambia ungekataa."

"Basi ulijua."

Hatutalipaka jambo hili sukari kwa sababu tuko msibani. Dada alisalitiwa, tena na mtoto wa tumbo lake, na alisema hivyo kwa kila aliyemuuliza. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila mtu aliulizwa isipokuwa yeye.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Akiwa amelazwa hospitalini, aliombwa na Kiyotaka akubali kuwekwa Osaka pamoja na baba. Alikataa. Alichagua kaburi la pamoja la hekalu hili, wanamolala wasio na ndugu wa kuwatunza. Bi Tamiyo alimkumbusha kwamba atamwacha Shigeo peke yake.

"Shigeo atanielewa," alijibu. "Yeye pia hakuulizwa."

Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Leo, siku ya arobaini na tisa tangu kifo, ambayo ndiyo ya maziko, mwanawe mkubwa ndiye aliyebeba mifupa yake hadi hapa, kwa kuwa desturi ni desturi.

Ameacha mdogo wake Tamiyo, binti yake Mihoko, na wajukuu wawili. Alipokuwa bado hospitalini, tulimuuliza marehemu kama jina la Kiyotaka liandikwe miongoni mwa wafiwa. Aligeukia ukutani.

"Liandikwe," alisema. "Kuzaa nilizaa."

Ameacha pia mwana, Kiyotaka.

Alale kwa amani hapa alipopachagua mwenyewe, na mtu asimhamishe.