Mama Kinasa na Mwamba Unaovuma

Wasikilizaji wapendwa, kama hapo ulipo kuna bomba linalodondosha maji, lifunge kwanza. Kama kuna mlango unaojigonga kwa upepo, uwekee kiatu. Ninayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kuvumilia kelele hizo. Angeinuka katikati ya mazungumzo, akalifunge bomba la watu, arudi kukaa, asijue hata kwamba wenye nyumba wanamkodolea macho.

Mama Kinasa ametutoka. Wengi wenu hamkuwahi kuiona sura yake, na sauti yake hamkuisikia hata siku moja. Lakini kazi yake mmeisikia kila Jumamosi asubuhi, kwenye kile kipande chetu cha "Hapa ni Wapi?" Sisi tunawapigia sauti fulani, nanyi mnapiga simu mkibahatisha inatoka pembe gani ya nchi. Mama Kinasa ndiye aliyezifuata sauti zile. Alizifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Na miguu ile, jamani! Kiguu na njia alikuwa huyu. Hapa ofisini kiti chake kilikuwa cha kuwekea koti. Ukizungumza naye, mkono unachezea kifuniko cha kalamu na macho yapo dirishani. Zile sehemu maarufu zenye lango na mkata tiketi hakuwa na haja nazo. Alitaka kijiji ambacho hata dereva wa lori lazima aulize njia. Alituletea ziwa dogo lililojificha nyuma ya kilima, ambalo vyura wake huimba kwa zamu, ng'ambo hii kisha ng'ambo ile. Alituletea chemchemi ya maji moto inayonung'unika kama mtu aliyeamshwa mapema. Alituletea daraja la kamba linalolia kila unapokanyaga.

"Nchi hii watu wanaitazama tu," alizoea kuniambia. "Hawaisikilizi."

Sheria yake ilikuwa moja: anayerekodi asisikike. Bangili, vua. Funguo, toa mfukoni. Kikohozi, kimeze. Kuna mwenzetu alirudishwa garini kwa sababu tumbo lake lilikuwa likinguruma karibu na pango la popo. Hadi leo tukimtania kuhusu siku ile, ananuna.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawapeleka kwenye mwamba. Kuna kijiji huko juu ambako barabara huchoka kabla ya kufika. Nyuma ya shule ya kijiji hicho kuna mwamba mkubwa wenye tundu lililotokeza upande wa pili. Upepo ukipita katika tundu lile, mwamba unavuma. Nasema tena, mwamba wenyewe unavuma. Watu wa pale wamelelewa na sauti ile, na mgeni akifika, kabla hajapewa hata maji, ataambiwa habari za mwamba.

Mama Kinasa alifika huko na dereva wetu. Upepo hakuna. Jani halitikisiki. Akasubiri, akazunguka mwamba, akapanda, akashuka. Kesho yake hali ni ileile. Na Jumamosi ndiyo hiyo inabisha hodi, na kipindi tumekwishakitangaza.

Dereva amestaafu sasa, lakini hajasahau. "Nilikuwa nimemaliza soda yangu," ananisimulia. "Nikapuliza mdomoni mwa chupa, mchezo tu. Kugeuka, namwona amenikazia macho. Akasema, 'Puliza tena.' Nikamwambia, 'Mama, mimi natania.' Akasema, 'Mimi sitanii. Puliza taratibu.'"

Jumamosi tukairusha sauti hiyo hewani. Simu ya kwanza ikatoka kulekule kijijini. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ile ya chini ya mwamba, mtu mpole, anayeongea bila haraka.

"Ndugu mtangazaji, poleni na kazi," akasema. "Mimi mwamba huo nimezaliwa nausikia. Hiyo mliyotupigia ni chupa."

Nchi nzima iliangua kicheko. Mama Kinasa alikwenda kwa mhariri siku hiyohiyo akasema yote, nasi tukaomba radhi hewani. Wapi! Radhi ile waliisikia wachache, utani waliusikia wote. Na utani wenyewe haukutuangukia sisi tuliokosea. Uliwaangukia wale wa mlimani, ambao hawakumkosea mtu. Watu wakashikilia kwamba hakuna cha mwamba wala nini, ni chupa tu. Kijiji kikabandikwa jina: Kijiji cha Chupa. Watoto wa shule ile wakishuka kwenye mashindano ya michezo, wanapuliziwa chupa na uwanja mzima. Mama zao wakileta viazi sokoni, wanaulizwa mwamba wao ni wa soda gani.

Tangu hapo Mama Kinasa hakutulia. Likizo yake yote ikawa ni kupanda kule na kinasa sauti begani. Mara ya kwanza alipewa kigoda, hakupewa maongezi. Aliyemsogelea ni yuleyule mwalimu. "Kosa umelifanya," akamwambia, "lakini umerudi. Kaa, tuungoje upepo."

Na upepo wenyewe ulikuwa na visa! Akiwa juu, kimya. Akishafika mjini, simu inalia: "Mama, njoo, unavuma sasa hivi!" Mwalimu alijaribu hata kumsikilizisha kwenye simu. Kilichosikika ni mkwaruzo mtupu. Mama Kinasa akasema hapana, akipeleka ule mkwaruzo hewani, safari hii wataambiwa mwamba wao ni kikaango.

Binti yake wa pekee alilelewa na safari hizo. "Mama za wenzangu wakipata likizo wanakaa nyumbani," anasema. "Wangu anafunga begi. Nikimwuliza unakwenda wapi tena, ananijibu, 'Kuna kitu cha watu nimekiharibu, mwanangu. Nakwenda kukitengeneza.' Nilikuwa nauonea wivu ule mwamba, nisiwadanganye."

Akastaafu, akaendelea kupanda. Moyo ukaanza kumsumbua, akaendelea kupanda. Mwaka jana alimkokota dereva, wakaenda na gari la dereva mwenyewe, gari ambalo likipanda mlima unalionea huruma. Wakangoja mpaka wakachoka. Dereva akawasha injini, safari ya kurudi. Na hapohapo upepo ukaja.

Alipofika nyumbani alimwambia bintiye maneno haya: "Nimeupata. Na nimeuharibu." Kisa? Sauti yake mwenyewe ilikuwa imeingia. Yeye, ambaye alitukataza hata kupumua. "Haurushwi huo," akasema. "Nitarudi."

Hakurudi. Moyo ulimlaza kitandani. Binti alilificha begi juu ya kabati, na mama akawa analitafuta kwa macho. Kila asubuhi lilikuwa lilelile: fungua dirisha, upepo upo? "Nikimwambia mama, pumzika," binti anasema, "ananijibu, 'Nitapumzikaje, na watoto wa watu wanazomewa?'"

Ameondoka hivyo, wasikilizaji wapendwa. Ameondoka akiamini kwamba deni lile hakulilipa. Hilo linaniuma, na sitaki kulipamba.

Baada ya mazishi binti alituletea ile sauti. Mwalimu alikuwa ameshuka kuja kuzika, tukamkalisha hapahapa studio, tukamvisha hedifoni. Alifumba macho. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Ndio wenyewe," akasema. "Na huyu ni Mama."

Fundi mitambo wetu akamwambia asiwe na wasiwasi, sauti ya Mama anaweza kuikata, ubaki mwamba peke yake, safi kabisa.

Mwalimu akavua hedifoni. "Msiikate," akasema. "Mkiikata, watasema ni chupa tena."

Kwa binti yake, ambaye ananisikiliza wakati huu na begi la mama yake magotini, pole sana, dada. Kwa dereva, pole, kaka. Umempoteza mwenzako wa safari. Kwa mwalimu na kijiji chote cha mlimani, poleni, na mtusamehe. Nawe msikilizaji, kabla hujalala, jiulize ni mahali gani umepacheka na hujawahi kupafika.

Sasa tusikilize. Kwanza mtasikia injini ya gari bovu. Kisha mtasikia sauti ya mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa kutosikika, akipiga kelele kama mtoto: "Dereva, zima gari! Zima! Unavuma!" Halafu mtamsikia akilia. Hamkuwahi kuisikia sauti hiyo. Ni yeye.

Na kile kitakachovuma nyuma ya kilio chake ni mwamba.

Fundi, tupigie. Usikate kitu.