Kiti Kitupu cha Tipoyi

Ndani ya teksi iliyotoka soko kuu la Bunia, Joëlle alikuwa amepakata kazi yake ya mtihani wa sanaa: wanaume wanne wa mbao wakibeba tipoyi, kile kiti ambacho zamani Mzungu alisafiria juu ya mabega ya watu. Kiti alikiacha kitupu makusudi. Mama muuza samaki aliyeketi kando yake akakiona kitupu, akatua humo fungu lake la samaki wa moshi kutoka ziwani Tchomia.

"Mama, toa samaki! Kiti inapashwa kubakia wazi, ndjo uhuru ile!"

"Tate yangu alibeba Muzungu mpaka mabega ikaota sugu. Leo abebe samaki ya mujukuu yake, iko mubaya?" Abiria wakaangua kicheko. "Na jina yake iko wapi hapa?"

"Habana majina, Mama. Ndjo batu bote."

"Batu bote habana sugu! Aliitwa Lokana. Andika, nitoe samaki."

Joëlle aliwaogopa walimu waliokuwa wakimngoja, lakini aliyaogopa zaidi mafuta ya samaki. Akatoa kalamu. "Ndjo yupi?"

"Huyu wa masikio mukubwa."

Dereva akasimamisha gari mbele ya lango la shule, akageuka. "Hapana, mama. Wa masikio iko tate yangu mimi."